Harusi ya Tarhili

Taa kubwa za kupigia picha zikiwaka kwa muda huwa zinanuka. Ni harufu ya vumbi linaloungua juu ya kioo cha moto, kavu, inayokwaruza koo, na ukiizoea utotoni utaitambua popote. Mimi niliinusa tena Riyadh, nikiwa nimevaa sare nyeusi ya kampuni iliyokuwa ikinilipa kusimama mlangoni na kuwachekea wageni. Mafundi walikuwa wakijaribu taa za jukwaa kabla ya onyesho la filamu. Niliegemea ukuta. Njeri, mwenzangu wa kazi, akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi, nikamwambia nimekula. Njaa sikuwa nayo. Ile ilikuwa harufu ya mikono ya mama yangu, na kwenye bango pale mlangoni ilitundikwa picha ya mwanamke aliyemmaliza.

Jina la mwanamke huyo silitaji. Limeandikwa vya kutosha kwenye mabango, na halihitaji wino wangu. Ni Mhindi, mwongozaji filamu, na watu humwita sauti ya wanyonge. Mimi nitamwita Madam, kama mama alivyomwita.

Nilizaliwa Jeddah na sikuwa na karatasi hata moja. Mama alitoka Voi kwenda kufanya kazi za ndani, akaangukia kwa kafili, mwajiri aliyemdhamini, ambaye habari zake hajanisimulia hadi leo, akatoroka. Baba yangu alikuwa dereva, Mkenya mwenzake, na aliposikia habari za mimba akapata ghafla kazi nzuri sana Dammam, ng'ambo ya pili ya nchi. Mtu aliyetoroka kwa kafili ikama yake, yaani kibali cha kuishi, imekufa, na mtoto atakayemzaa hatambuliki kokote. Wakenya wenzake wa mtaa wa Sharafiya, alikojificha, wakamwambia kuna Mhindi kule Al-Hamra anatafuta msaidizi, tena haulizi ikama. Mama akaenda nikiwa mgongoni. Madam akafungua mlango, akanichungulia ndani ya leso, akasema mtoto anaweza kukaa bora asipige kelele. Tukapewa chumba cha juu ya paa, ubavuni mwa matangi ya maji. Miaka yote ile mama aliamini kwamba tumeokolewa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nimsifu kidogo, nisije nikaambiwa nina wivu. Madam alikuwa hodari. Aliingia Jeddah akiwa ameolewa juzijuzi, amemfuata mumewe mhandisi, na visa yake ilimruhusu kukaa nyumbani na kuchemsha dengu. Wenzake walichemsha dengu mpaka wakazeeka. Yeye alinunua kamera. Wakati huo hakukuwa na majumba ya sinema, na mwanamke wa kuongoza filamu ungemtafuta wapi, lakini harusi zilikuwepo, na kwenye harusi Madam akaona mlango. Upande wa wanawake mwanamume haingii. Kule ndani abaya zinavuliwa, nywele zinaachwa wazi, watu wanacheza mpaka viatu wanavishika mkononi. Kwa hiyo mpiga video lazima awe mwanamke, lazima awe mtu wa kuaminika, na sherehe ikiisha anamkabidhi mama wa bibi harusi kanda zote, asibaki na kitu. Madam akaaminika. Alianza na harusi za walimu, akapanda hadi harusi za watu wenye majumba yanayotazama bahari. Kamera aliishika yeye, na taa aliishika mama.

Taa yenyewe ilikuwa nzito na ya moto. Mama alitembea kinyumenyume mbele ya bibi harusi, mkono juu, bila kujikwaa, na bila kivuli cha mtu kumwangukia bibi harusi usoni. "Fok, fok!" Madam alimwambia, yaani juu, juu, na mama alipandisha mkono hata bega lilipokuwa limekufa ganzi. Alirudi na vidole vyenye malengelenge na nguo zinazonuka udi wa kifahari. Nilikuwa nikiamka nakuta mkono wake umelala kwenye mto wangu, nainusa ile harufu ya kuungua, na nadhani hivyo ndivyo harusi inavyonuka.

Harusini kwenyewe sikuwahi kupelekwa. Kadi za mwaliko za huko huandikwa sentensi moja chini kabisa, ya kuwaambia wageni kwa adabu waache watoto wao: pepo ya watoto ni nyumbani kwao. Madam alinisomea siku moja, akanifasiria kwa Kiingereza, akanishika kidevu. Mimi nikaelewa kwamba nimeandikiwa mimi. Niliamini kabisa kwamba wenye harusi wote wa Jeddah wanajua kuna mtoto juu ya paa fulani Al-Hamra, na wamekubaliana asije. Kila kadi mpya ilipofika niliiendea mbio nikaitazama chini, nione kama wamebadilisha mawazo. Sentensi ilikuwa palepale.

Basi mama alinisimulia. Nilimlazimisha arudie kila kitu kwa mpangilio uleule, akiruka jambo nalia.

"Mlangoni kuna mama mnene," alianza, "anachukua simu za watu wote na kupekua mikoba."

"Hata yako?"

"Hata yangu. Halafu unaingia ukumbini. Ukumbi mrefuuu. Wanawake watupu, wamekaa kwa mistari, kila mtu anamwangalia mwenzake kavaa nini."

"Halafu chakula?"

"Chakula kinachelewa. Kinachelewa mpaka watu wanasinzia."

"Na bibi harusi?"

"Bibi harusi hukawia, mamii. Akija mapema watasema ana haraka na mume."

Tukacheka. Sikujua haraka na mume ni kitu gani, lakini mama alicheka na mimi nikacheka.

Baadaye Madam akaanza kumpiga picha mama mwenyewe. Alipanda kule paani mchana, akamwambia aanike mashuka, ayaanue, ayaanike tena. Siku moja akamuuliza habari za bibi yangu aliyefia Voi na kuzikwa mama hayupo. Mama akalia. Madam akatazama kwenye kamera, akasema jua lilikuwa limejificha, akamwomba alie mara nyingine. Na mama akalia mara nyingine, maana ukiishi kwenye chumba cha mtu bila karatasi unalia unapoambiwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya tangi, nikifurahi kwamba sasa na sisi tuko kwenye harusi.

Filamu hiyo fupi ndiyo iliyomtoa Madam. Ukisoma mahojiano yake ataitaja: mwanamke anaanika mashuka juu ya paa, na katikati zinaingia picha za wanawake matajiri wakicheza. Watu wa sinema wanasema ni kazi ya mtu mwenye huruma. Picha za wale wanawake matajiri alizipata wapi? Kwenye kanda za harusi. Alikuwa anatoa nakala kwa siri kabla ya kuzikabidhi, na mama alimwona kwa macho yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimletea chai mezani akifanya hivyo.

Haya mengine mama alinieleza nikiwa mkubwa, vipande vipande, na mimi nikaviunganisha. Filamu ilionyeshwa Ulaya. Ukumbini alikuwemo binti wa Kisaudi, mwanafunzi, na mbele ya wanaume wasiojulikana akamwona shangazi yake anacheza kichwa wazi kwenye kitambaa kikubwa cha sinema. Akapiga simu nyumbani. Familia ile ilikuwa na uwezo wa kumng'oa mhandisi na mkewe Jeddah kwa simu nyingine moja tu. Walipomwita Madam wamuulize, alijibu kwamba kanda iliibwa na mfanyakazi wake Mwafrika, akaiuza kwa watu wa filamu wa Ulaya, nao wakaichomeka bila yeye kujua. Wakasema vizuri, mlete huyo mfanyakazi tumsikie. Madam akajua kwamba mama akisikilizwa, yeye amekwisha.

Kesho yake mchana alipanda paani na gauni. Nalikumbuka gauni lile vizuri kuliko ninavyoukumbuka uso wa mtu yeyote wa Jeddah. La rangi ya waridi, lenye marinda ya wavu yanayowasha mapajani, na utepe wa kufunga nyuma. Viatu vilikuwa kwenye boksi, vinang'aa.

"Leo mtoto anakuja," alisema.

Mama hakuelewa. "Madam, na kadi?"

"Mafi mushkila, hakuna shida. Hawa ni watu wazuri. Yalla, mvalishe."

Namshangaa mama alivyofurahi siku ile, na simlaumu. Alinipaka mafuta kichwani, akanichana akiimba, akanifunga utepe, akaufungua, akaufunga upya. Mimi nilikuwa siongei, naogopa nikiongea watabadilisha mawazo. Nilijua kabisa kilichotokea: wenye harusi wa Jeddah wamekaa kikao juu yangu, na hatimaye wamekubali.

Kwenye gari Madam alikaa mbele, na dereva wa kampuni ya mumewe alitazama barabara tu. Mama akageuka kuangalia nyuma.

"Madam, taa iko wapi?"

"Pale wana taa zao."

Nilihisi mkono wa mama umelegea kwenye goti langu, kisha ukanishika kwa nguvu.

Tulifika kwenye ukuta mrefu na lango la chuma. Madam akashuka, akaongea na mtu mwenye sare, akarudi akatufungulia mlango mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Tangulieni," alisema. "Nachukua kamera." Akanishika kidevu tena. Tulipofika langoni mama aligeuka, na gari lilikuwa limeshaondoka. Ile ilikuwa tarhili, mahali wanapofungiwa watu wa kurudishwa makwao. Mama aliijua kwa habari zake, kama kila Mkenya wa Sharafiya asiye na ikama alivyoijua. Alisimama. Mimi nikamvuta, nikimwambia twende, tutachelewa.

Mlangoni alikuwepo mama mnene. Alichukua simu ya mama, akapekua mkoba, nami nikamtazama mama kwa furaha: ni yeye! Tukaingia. Ukumbi ulikuwa mrefu kama nilivyoambiwa, na wanawake watupu, wamekaa kwa mistari sakafuni. Kulikuwa na watoto pia. Hilo ndilo lililonimaliza kwa furaha. Kumbe watoto wanaruhusiwa, kumbe kadi zilikuwa zinadanganya siku zote. Nilizunguka na marinda yangu ili watu wanione, kisha nikauliza kwa sauti, "Mama, bibi harusi yuko wapi?"

Waliojua Kiswahili walisikia. Mmoja alijifunika uso kwa mtandio. Mama alipiga magoti, akanitengeneza utepe ambao haukuwa umelegea.

"Anakawia, mamii," alisema.

Ndipo mwanamke mmoja wa Mombasa, aliyekuwa amekaa karibu na ukuta na mguu umevimba, akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu. Akapiga cha pili, Mhabeshi aliye karibu naye akaitikia kwa namna ya kwao, na mstari mzima ukaanza kupiga makofi. Nikacheza. Nilicheza katikati ya wanawake wasio na kwao wala kwa kwenda, wananishangilia huku wanafuta machozi, na nikadhani wanalia kwa sababu wananipenda. Askari mwanamke akaja mbio akipiga kelele, "Halas! Halas!" Nikakaa. Nilikuwa nimetoka jasho, na sijawahi kufurahi namna ile tena maishani.

Chakula kilichelewa. Tulilala pale, tukaamka pale, na gauni likageuka rangi. Niliendelea kuuliza habari za bibi harusi mpaka nikachoka kuuliza. Mama hakunirekebisha hata mara moja. Tulipandishwa ndege nikiwa nimevaa lilelile, utepe umepotea, na nilikasirika njia nzima kwamba tumeondoka kabla hajaja.

Nililijua jambo lenyewe shuleni Voi. Niliwasimulia wenzangu kwamba nimewahi kwenda harusi Jeddah, wanakunyang'anya simu na mnalala hukohuko. Msichana mmoja ambaye shangazi yake alirudishwa kutoka Saudia akacheka hadi akashika tumbo. "Hiyo si harusi, wewe, hiyo ni jela!" Darasa zima likacheka. Nilirudi nyumbani, nikamtazama mama akichambua mboga kwa vidole vile vyenye makovu ya taa, na sikumuuliza chochote. Siku hiyo nilianza kumchukia Madam, na sijapumzika.

Wakati huo yeye alikuwa anapanda. Alihamia Mumbai, akaongoza filamu ya kwanza, ya pili, akapewa tuzo, akakaa kwenye meza za kuchagua filamu za wengine. Nilifuatilia kila hatua. Wengine hufuatilia wachezaji mpira, mimi nilimfuatilia Madam. Mama alipigwa marufuku kurudi Saudia, lakini alama za vidole vyangu hazikuwahi kuchukuliwa, na mtoto asiye na karatasi hakumbukwi na kompyuta yoyote. Nilipokua nikaenda kwa jina langu, na ikama yangu, nikapangiwa kazi ya kupokea wageni na kampuni yenye ofisi Al-Sulimaniyah, Riyadh. Sikwenda kwa ajili ya mshahara peke yake. Sinema zilikuwa zimefunguliwa sasa, waongozaji wa dunia nzima walikuwa wanaalikwa, na nilijua siku moja atakuja. Nilitaka kitu kimoja tu: aambiwe alichofanya, mbele ya watu wake.

Alipokuja, nilimwomba Njeri tubadilishane zamu, nikapewa kazi ya kuzungusha kipaza sauti kwa wenye maswali. Filamu yake mpya inamhusu yaya. Watu walilia. Mimi nilisimama ukutani nikimtazama yaya yule wa kuigiza akianika mashuka.

Taa zilipowashwa akapanda jukwaani na sari ya hariri, nywele zimeingia mvi vizuri. Msichana mmoja wa Kisaudi akamuuliza alianzaje. Madam akatabasamu.

"Nilianzia Jeddah, kwenye harusi," alisema kwa Kiingereza chake kitamu. "Nilikuwa na msaidizi kutoka Afrika. Alikuwa dada kwangu. Alinishikia taa. Kisha akarudi kwao kuolewa, na mimi nilimnunulia mtoto wake gauni zuri la harusi. Mpaka leo namfikiria yule mtoto."

Ukumbi ukasema aaah. Kuna mzee aliyeshika kifua.

Mkono wa mtu ulikuwa umenyooshwa kuchukua kipaza sauti. Sikukitoa.

"Yule mtoto ni mimi," nilisema kwa Kiarabu cha jikoni, ili wenye nchi wasikie, kisha nikarudia kwa Kiingereza, ili yeye asipate pa kujificha. "Gauni nililivaa tarhili. Ulitupeleka wewe, kwa gari lako, ukasema unachukua kamera. Kanda za harusi ulinakili wewe, ukasema mama yangu ni mwizi. Hakuolewa. Alirudi kukata mkonge."

Mwanzoni aliendelea kutabasamu, kama mtu anayesubiri sifa ziishe. Kisha akaniangalia kidevu. Nikaona amenijua.

"Tafadhali, simu chini," alisema. "Msinirekodi. Please, no phones." Akajifunika uso kwa ncha ya sari. Alikuwa analia, na nilikuwa nasubiri machozi hayo tangu darasa lile la Voi. Niseme ukweli, yalikuwa matamu. Njeri alikuwa amenifikia, ananivuta mkono. "Wacha basi, dadangu, si umesema? Utaharibu job." Simu zilikuwa juu ukumbi mzima.

Kazi niliipoteza palepale. Msimamizi alinivua beji yeye mwenyewe akisema mafi shugul, halas, yaani hakuna kazi, basi. Madam akatoa taarifa kwamba hakumbuki. Baadaye akatoa nyingine kwamba anakumbuka kidogo. Sehemu fulani wamemwondoa kwenye orodha ya wageni, sehemu nyingine wamempigia makofi kwa ujasiri wa kulia hadharani. Juzi amenitumia ujumbe kupitia mtu: anataka kwenda Voi, kumwomba mama radhi, na anauliza kama anaweza kuja na kamera moja ndogo.

Nilimpigia mama nikamweleza yote. Mama ni mtu wa kanisa sasa, ana sare na cheo, huombea hata wagonjwa asiowajua. Nilijitayarisha kuambiwa niache, nimwachie Mungu.

"Alilia?" aliuliza.

"Alilia, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Nilisikia kuku wake, na mtu akipita anamsalimia, naye akaitikia kwa upole wake wote.

"Na kuna mahali bado wanamwalika?"

"Wapo wanaomwalika."

"Basi haitoshi," mama akasema. "Endelea."